Nafasi ya Mbele Kituoni

Kazini wananiita Mpelelezi. Nafua mashuka ya hospitali kuu, na shuka likipotea mimi ndiye ninayejua limeingia kwenye mkoba wa nani. Simwamini mtu haraka, ndivyo nilivyoumbwa. Kwa hiyo ile kandambili ya buluu niliitilia shaka tangu siku ya kwanza.

Sisi tunaoishi nje ya jiji tuna mabasi mawili tu ya jioni. Mawili, kwa vitongoji vyote vile. Ndiyo maana kituoni kwetu foleni ni ya vitu. Ukifika unaweka jiwe, kikapu, hata kopo bovu, halafu unakwenda zako kukaa kivulini. Kitu chako ndicho wewe, hakuna wa kukigusa.

Mbele kabisa, kila jioni, ilikuwepo kandambili moja ya mguu wa kushoto. Imelowa, hata wakati wa kiangazi. Basi likija, watu wanaipita. Wanabanana hadi mlangoni, lakini kiti cha kwanza wanakiacha wazi.

"Ya nani hii?" nilimuuliza muuza karanga.

"Mwenyewe yupo," akanong'ona. "Iache, mwanangu."

Nikajua tu. Kondakta anamwekea kimada wake nafasi.

Siku hiyo basi la kwanza liliharibika. Saa kumi na mbili na nusu likaja la pili, limeshajaa, na kiti ni kile kimoja. Mbele yangu ilikuwa kandambili peke yake. Watu wote wakatazama chini. Kondakta akaanza kufunga mlango.

Nyumbani nina mtoto wa miezi mitano. Mdogo wangu ndiye anayemlea mchana, na saa mbili anaingia zamu kiwandani. Akichelewa tena, kazi hana. Nisipofika saa moja na nusu, ama yeye apoteze kazi, ama mtoto abaki peke yake.

Nikaipiga teke ile kandambili. Ikaangukia mtaroni.

Muuza karanga akajiziba mdomo.

Nilipoweka mguu ngazini, nikasikia pumzi ya baridi nyuma ya sikio. Harufu ya matope ya mtoni...

"Una mtoto?" Sauti ya mwanamke.

"Ninaye."

"Ananyonya?"

Nikadhani ni mwenzangu wa foleni, ananionea kijicho. "Ananyonya," nikajibu bila kugeuka.

"Basi kaa wewe. Mimi nitatangulia."

Nikageuka. Wenzangu wote walikuwa wamesogea mbali.

Katikati ya safari tairi likapasuka, na la akiba halikuwepo. Nikampigia mdogo wangu. Hapokei. Saa moja na nusu ikapita. Saa mbili ikapita. Maziwa yakanivuja hadi blauzi ikalowa, nikalia mbele za watu bila aibu.

Mzee mmoja, fundi cherehani, akaniinamia. "Hicho kiti kilimponyoka mama mmoja, zamani. Basi la mwisho. Akaamua kwenda kwa miguu, avuke mto gizani. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani."

"Akafika?"

"Ilipatikana kandambili."

Nilifika kwangu saa tatu kasoro. Taa inawaka. Niko barazani, simu ikaita. Mdogo wangu, ananong'ona toka kiwandani.

"Dada, umenipigia mara kumi. Kuna nini?"

"Mtoto umemwacha na nani?"



"Si wewe? Umeingia saa moja umelowa chapachapa. Nikakuuliza kama huko mvua imenyesha, hukujibu. Ukamchukua, ukaanza kumnyonyesha. Mimi nikaondoka."

Simu bado iko sikioni. Ndani, mtu alikuwa anambembeleza mtoto.

Kwa sauti yangu.

Nikausukuma mlango kwa bega. Sauti ikakatika. Mtoto alikuwa peke yake kitandani, mzima, na pembeni yake godoro limelowa umbo la mtu aliyelala ubavu. Nikampa ziwa. Akageuza uso. Alikuwa ameshiba. Nikampangusa maziwa mdomoni kwa kidole, yalikuwa ya baridi.

Sasa nazunguka na karatasi, nakusanya saini za kuomba basi la tatu. Wenzangu wanacheka, eti Mpelelezi kawa mwanasiasa. Wacheke tu. Mdogo wangu ameacha kazi ya usiku, na jua likizama anapiga komeo.

Juzi basi lilichelewa tena. Mdogo wangu anaapa hakuna aliyeingia, na yeye hakupepesa jicho. Nikamnyanyua mwanangu. Tumbo limejaa. Akaniangalia usoni, akaniangalia sana, kisha akaangua kilio na kunyoosha mikono kuelekea mlangoni. Alikuwa anamtaka mama yake.