Amplifaya ya Marehemu Nikodemo

Nisikilizeni vizuri, maana sitarudia. Na sijaja kutubu, tusielewane vibaya.

Ilikuwa mwaka tisini na nne, mwaka ule wa mgawo wa umeme. Nilikuwa napiga solo kwenye bendi yetu pale Nkuhungu, na amplifaya yangu ilikuwa inakohoa kama mzee wa kifua. Baa ya jirani walishaleta vyombo vipya kutoka Dubai. Wakianza kupiga, sisi tunabaki tunachezesha midomo tu. Mustapha, mwenye baa yetu, akaniambia mbele za watu, "Cornel, Jumamosi nikiwasikia wao tu, Jumapili mfungashe."

Basi Alhamisi, jua likizama, nikawa Mvumi kwa marehemu Nikodemo, mpiga gitaa wa zamani. Mjane wake, mama Edina, alikuwa anauza vyombo vyake vya muziki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alinong'ona. Nikadhani ni msiba.

Vijana wake watatu, watu wazima kabisa, walikuwa uani wanapepeta uwele. Nikawasalimia. Wakainua mikono tu, hakuna aliyefungua kinywa. Nikasonya. Watu gani hawa hawana adabu!

Ndani kulikuwa na amplifaya mbili, na jenereta likinguruma nje. Ile ndogo ilikuwa na sauti tamu, lakini kwenye baa ya walevi mia tatu ingezama. Ile kubwa ilikuwa nyeusi, kitambaa cha mbele kimechakaa, na ilinuka... kinywa cha mtu aliyetoka kulala.

Nikafanya kama tunavyofanya wapigaji. Unafungulia sauti mpaka mwisho bila kuchomeka gitaa, unaweka sikio kwenye spika. Iliyo nzima huvuma tu. Hii haikuvuma.

Ilikuwa inapumua.

Ndani... nje... ndani...

Nikajiambia ni ubovu mdogo, fundi atarekebisha. Mara jenereta likaishiwa mafuta. Taa ikazimika. Ile ndogo ikanyamaza.

Kubwa ikaendelea.

Mwenye akili angekimbia. Mimi nilicheka. Jamani, amplifaya isiyojua mgawo!

"Mama, sasa hii inakula nini?"

Akaitazama ile kubwa. Kisha, "Nyumbani kwako kuna anayeimba?"

"Yupo. Mdogo wangu Elieth, ndiye mwimbaji wetu. Dodoma nzima hakuna sauti kama ile."

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Wanangu waliimba wote watatu. Baba yao akawa anawapeleka kwenye hiyo, mmoja baada ya mwingine. Mimi nimebakiwa na haka kasauti." Akanivuta kuelekea ile nyingine. "Chukua ile ndogo, mwanangu."

Nilimsikia. Sitadai kwamba sikuelewa.

Nikachukua kubwa. Wale vijana waliipakia kwenye pikapu mbio mbio, na mmoja alikuwa analia.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni umeme ukakatika. Vyombo vya Dubai vikafa palepale. Nikachomeka gitaa langu, nikachomeka na maiki ya Elieth.

"Moja, mbili," akajaribu. "Moja, mbili..."

Spika ikarudisha: moja, mbili. Ikanyamaza kidogo.

Tatu.

Elieth akanigeukia. "Kaka, mimi sijasema tatu."

"Imba."

Akaimba. Loo! Sauti ilitoka mle mpaka mabati yakatetemeka. Wateja wa jirani wakaruka uzio na chupa zao mkononi. Wimbo wa pili ukapanda zaidi. Katikati ya wimbo wa tatu nilimwona Elieth amefunga mdomo.

Sauti yake ilikuwa bado inaimba.

Alishika koo. Alifungua kinywa kama anayetaka kutapika, hakikutoka kitu. Kisha akanitazama, na nilisoma midomo yake vizuri sana: Kaka, zima.

Watu wakadhani ni mbwembwe za jukwaani, wakashangilia. Mustapha akaniinulia glasi. Mkono wangu ulikuwa palepale kwenye kitufe. Nilimwonea huruma, Mungu anajua. Lakini tangu nizaliwe sijawahi kupigiwa makofi namna ile.

Nikaongeza.

Hospitali walimulika koo lake mara tatu. Wakasema ni zima kabisa, labda ni mshtuko. Nilirudi Mvumi kuuliza dawa. Nyumba ilikuwa tupu, mlango uko wazi, na ile amplifaya ndogo imeachwa katikati ya sakafu. Sikuingia.

Ni mwaka wa nne sasa. Tumepiga Mpwapwa, tumepiga harusi za waheshimiwa, na kila mahali watu wanauliza yule mwimbaji amekaa wapi. Elieth anaishi kwangu. Nikitoka kuoga namkuta amekumbatia lile boksi, sikio kwenye kitambaa, anajisikiliza.

Lakini tangu mwezi uliopita sauti yake mle ndani imeanza kukwaruza. Inafifia. Na Jumamosi hii tuna kazi kubwa uwanjani.

Binti yangu Anitha ametimiza miaka minne. Juzi nilimsikia jikoni anaimba huku shangazi yake anasonga ugali. Nilisimama nje ya mlango nikatega sikio. Jamani, mtoto ana sauti! Inampita Elieth mbali.

Nikasukuma mlango taratibu.

Elieth aliniona. Akaangusha mwiko, akamvuta mtoto kifuani, akamziba mdomo kwa mikono yote miwili. Tangu siku hiyo hufanya hivyo kila akisikia hatua zangu.

Lakini Elieth naye hulala.