Nilimwonea Wivu Marehemu, Nikamwangusha Mume Wangu

Wasomaji wenzangu, mwaka huu wa 1979 nina miaka thelathini na tano, mjane, nauza dagaa hapa Nyasho, Musoma. Ninayoyaandika hapa sijawahi kumwambia hata padri...

Niliolewa upande wa Bunda na mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa amefiwa na mkewe. Mume mpole, Mkatoliki wa kufunga na kusali. Kasoro yake moja tu: aliamini kabisa kwamba mbinguni atamkuta marehemu anamsubiri. Aliyasema hayo mezani, huku nampakulia ugali wangu! Nilipomuuliza mimi nitakaa wapi huko, alicheka tu. Jamani, mke mwenza aliye hai utagombana naye. Aliyekufa utamfanya nini?

Ilipokuja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa, watu walilia kuyaacha makaburi ya wazee wao. Mume wangu akawatuliza kwamba wafu wako kwa Mungu, hawako udongoni. Wakamwamini, wakahama.

Kumbe yeye kila Jumamosi alikuwa akirudi kule mahameni, kijiji tulichokihama! Siku moja nilimfuata. Nikamwona kwa mbali, amepiga magoti kwenye kaburi la yule mwanamke, anang'oa majani huku anasali. Moyo uliniwaka... Sikutazama zaidi, nikageuza.

Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikayamwaga yote. Mzee mmoja akafoka, "Sisi ulitwambia makaburi ni udongo tu! Mbona wewe unakwendaga kwa mkeo?" Mume wangu akatoa muhuri wa kijiji mfukoni, akauweka mezani. Akavuliwa uenyekiti palepale. Hakunipiga wala hakunifukuza, lakini alinyong'onyea, na mwaka haukuisha homa ikamchukua.

Aliomba azikwe kule kule. Tulipofika na jeneza, nilitazama huku na huku. Kila kaburi la kijiji cha zamani lilikuwa limepaliliwa na kuzungushiwa mawe! La baba yake yule mzee. Hata la mwanangu wa kwanza, aliyekufa mchanga, ambalo mimi mama yake sikuwahi kulikanyaga tangu tuhame. Nani mwingine alikuwa akirudi kule zaidi ya yeye?

Yule mzee alivua kofia akalia. Mimi hata machozi yalinikataa.

Dada zangu, wivu ukikushika, usisimame mbele za watu na nusu ya uliyoyaona! Muulize mumeo mkiwa wawili. Mimi sikuuliza. Sasa kila Jumapili namwombea yeye pamoja na yule mkewe, na hapo hapo kanisani wivu unanichoma upya... kwa sababu sasa wako pamoja.