Filimbi ya Shangazi Fauzia

Asubuhi hiyo Sada alifagia uwanja, kisha akaufagia tena bila kutumwa. Chai yake ilipoa bila kuguswa. Shangazi yake Fauzia, aliyekuwa akisomea chuoni elimu ya nje ya darasa, alikuwa Somanga kwa mazoezi ya kufundisha, na leo mkufunzi wake, Mwalimu Leonadi, alikuwa anakuja kumpima. Akishindwa, asingehitimu mwaka huu.

Bibi yake Sada alizoea kuuliza ni masomo gani hayo ya kuwatembeza watoto matopeni. Fauzia hakubishana naye. Masomo hayo aliyachagua baada ya kaka yake Shamte, baba yake Sada, kuzama mkondoni. Siku ile wenzake walipoulizwa kama wote wamevuka, walijibu kwamba Shamte yuko nyuma, anakuja.

"Leo mimi si shangazi," Fauzia alimwambia Sada njiani. "Ni Mwalimu Fauzia. Usije ukanitia aibu."

Darasa la sita lilivuka mkondo uliokauka, likapita kwenye mikoko hadi kwenye fungu la mchanga. Kila mwanafunzi alikuwa na mwenzake, na filimbi ikilia, kila wawili waitike, "Tupo!" Sada alipangwa na Imani, msichana aliyehamia kutoka Milola, kijiji cha wakulima. Watoto walimtania kwamba kwao bahari iko kwenye ramani tu. Imani alicheka nao, akavua ndala zake mpya ili akanyage matope kama wenyeji.

Fauzia alifundisha vizuri. Aliwaonyesha mashimo ya kaa na mizizi ya mikoko inayochomoza juu ya tope ili ivute hewa. Mkufunzi alisikiliza, mikono nyuma, akiitikia kwa kichwa.

Wakati wa kurudi, walipoukaribia mkondo, Imani alimvuta Sada mkono. Ndala zake alizisahau kule funguni. Akasema anazifuata mara moja, maji yenyewe bado yako mbali.

Sada alijua zaidi. Yalikuwa maji ya bamvua, yanayojaa kuliko siku zote, nayo huanza kujaza mkondo ulio nyuma ya fungu, huku mtu akiangalia mchanga mkavu mbele yake. Alitaka kusema, lakini Imani alikwishakimbia. Papo hapo filimbi ikalia. Mkufunzi alikuwa amesimama karibu kabisa.

"Tupo!" Sada akaitika, kwa niaba ya wawili.

Walivuka maji yakiwa vifundoni. Ng'ambo, Fauzia akaanza kuwauliza maswali ya mwisho. Sada hakutulia. Alisimama mguu huu, akahamia ule. Majani makavu yaliyokuwa yamelala mkondoni sasa yalikuwa yakielea kuelekea nchi kavu, tena kwa kasi. Yuko nyuma, alijiambia, anakuja. Kisha akasikia alichokisema moyoni, akamkimbilia Fauzia.

"Shangazi," akasema, onyo la asubuhi limemtoka akilini. "Imani hayupo. Nimemwitikia mimi."

Fauzia hakuuliza la pili. Alijifunga kanga, akaingia majini, mkufunzi akimfuata. Maji yaliwafika kiunoni. Imani alikuwa kwenye ukingo wa fungu, ndala mkononi, akilia bila sauti. Walimvusha wakimshika huku na huku.

"Umefundisha vizuri," mkufunzi alimwambia Fauzia huku akikamua suruali. "Lakini ulisikiliza sauti, hukutazama nyuso. Wiki ijayo utarudia."

"Ndiyo, mwalimu," Fauzia alijibu.

Sada alirudi akiburuta miguu, akingoja kugombezwa. Karibu na nyumbani shangazi yake alisimama.

"Ulitaka kunisitiri, najua. Lakini uwongo haumsitiri mtu, mwanangu. Somo naweza kulirudia. Imani ningemrudishaje kwa mama yake? Ukikosea, sema upesi, hata kama mkubwa anatazama. Leo ulichelewa, lakini ulisema. Siku ya baba yako hakuna aliyesema kwamba hayupo."

Wiki iliyofuata hakuna aliyeitika. Kila mtoto aliyevuka aliweka mkono wake katika mkono wa Fauzia, naye akamtazama usoni na kumtaja jina. Mkufunzi alimfaulisha pale pale ukingoni. Imani alipita, ndala miguuni. Sada alivuka wa mwisho, na mkono wake haukuachiwa mpaka walipofika nyumbani.