Mitetea wa Lori la Pili

"Malori matatu," dada yake alisema simuni. "Yote meupe, yote yana kuku. Moja tu lina dawa ya kuchanganywa kwenye chakula cha kuku."

Msumari alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikaruka tuta. Mbele, malori yalifuatana kuelekea kiwanda cha chakula cha kuku.

Kilomita tisa.

"Uko wapi, dada?"

"Maabara. Wamenifungia."

Dada alikuwa daktari wa mifugo. Kwa miezi saba alijifanya mwajiriwa mtiifu wa wageni waliotengeneza dawa hiyo, huku akiipelekea Idara ya ujasusi siri za shamba lao la kuku.

Msumari ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hiyo ya upelelezi.

"Nageuza. Nakutoa kwanza."

"Tangu utoto husikii wewe. Homoni yao ya kiume si ya kawaida. Nimepima nyuzi za misuli ya kifua. Zinanenepa mara mbili kwa wiki tatu. Lakini moyo nao ni msuli, mdogo wangu. Unanenepa mpaka unagoma. Mlaji naye hivyo hivyo."

"Lori lipi?"

"Wameficha dawa chini ya mitetea waliochomwa sindano. Tega sikio. Hao huota vilemba vyekundu, na huwika."

"Mtetea kuwika?"

"Mbona wewe uliongea kama msichana mpaka ukamaliza shule, na hatukukucheka?"

"Mlinicheka kila siku."

Alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi.

"Wamenichoma na mimi," alisema polepole. "Dozi ya kuku mia mbili. Usinifuate. Fuata lori."

Msumari aliyafikia malori. Alishusha kioo.

Lori la tatu: kelele za kawaida.

La pili: kokoriko.

Vilemba vyekundu vilijaa kwenye matundu.

Bastola yake ya Beretta ilibweka mara mbili. Matairi yalipasuka, lori likalala mtaroni. Dereva alitoka na bastola mkononi.

Risasi moja. Ilimtosha.

Chini ya matundu kulikuwa na makasha kumi na mawili ya chupa ndogo. Msumari aliyashusha makasha, akayamwagia petroli, akawasha kiberiti.

Redio ilikoroma. "Msumari, hapa Kituo. Vipi?"

"Dawa imeteketea."

"Safi. Na Daktari?"

Aliweka simu sikioni. Haikuwa imekatika. Alisikia feni ya maabara ikizunguka. Hakusikia pumzi.

"Msumari? Daktari vipi?"

"Alinielekeza vizuri."

"Pole, ndugu. Limeonekana shamba jingine, kubwa kuliko hilo. Uko tayari?"

"Tayari."

Alivaa miwani ya jua, akarudi kwenye Land Cruiser kwa miguu, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Nyuma yake mtetea mmoja aliwika.

Simu hakuikata.