Mfuko wa Tochi

Fundi alifagia, akachemsha chai, akaketi kwenye cherehani yake. Mumewe alikuwa kitandani, anautazama ukuta. Ndiyo kazi iliyombakia tangu kituo cha mabasi kishambuliwe. Alikuwa mlinzi wa lango la nyuma. Watu wengi walikufa. Yeye aliponea chupuchupu, akarudi anachechemea.

Lakini mguu haukumuuma kama maneno. Kwanza msemaji wa serikali alisema mtungi wa gesi umelipuka. Kesho yake akasema ni magaidi. Baadaye akasema magaidi waliingia kwa lango la nyuma kwa sababu mlinzi alilala. Sasa gari la matangazo lilipita mitaani: "Kituo ni salama! Rudini!" Hakuna aliyerudi. Nani amwamini mtu mwenye ndimi tatu?

Fundi alizunguka maofisini kumsafisha mumewe. Kila mlango ni njoo kesho. Alichoka mpaka uchovu wenyewe ukamchoka.

Siku moja jirani alikuja kuchukua gauni lake. Alikuwa msaidizi wa sheria. Fundi akamweleza yote.

"Shoga, kesi ya ngedere umempelekea nyani!" jirani alisema. "Unawaomba waliomsingizia ndio wamsafishe? Nenda kwenye tume ya uchunguzi. Inakaa ukumbini, mbele ya watu wote. Aliyeona jambo anajiandikisha, anasema."

"Watatusikiliza sisi?"

"Ndiyo kazi yao. Serikali ikikosea, lazima itueleze kilichotokea na nani atawajibika."

Mume aliguna. "Shemeji, mkono wa serikali ni mrefu. Niacheni na kilema changu."

"Ukinyamaza, shemeji, utabaki uongo wao peke yake."

"Basi mimi nitasema!" Fundi akadakia. "Nitawaambia bosi wake alihongwa na magaidi!"

"Hilo umeliona au umelisikia?"

"Sokoni wanasema."

"Basi liache hukohuko sokoni. Wakubwa wamepoteza imani yetu kwa kusema wasiyoyajua. Na wewe unataka kuwaiga? Sema ulichokiona kwa macho yako."

Fundi akawaza. Macho yake yakatua kwenye sare iliyotundikwa msumarini. Kifuani ilikuwa na mfuko mrefu. Aliushona yeye, taa za lango la nyuma zilipokufa, ili mumewe abebe tochi ya nyumbani. Akamwonyesha jirani, akamweleza.

"Bosi aliuona mfuko huu?" jirani akauliza.

Mume akageuka. Hatimaye aliuacha ukuta. "Aliuona. Nilimwambia taa zimekufa. Akaugusa, akacheka. Akasema, mkeo ametupunguzia gharama."

"Hayo ndiyo mkayaseme. Nyote wawili."

Ukumbini Fundi aliiinua sare, watu wakauona mfuko. Mumewe akaeleza. Mwenyekiti wa tume akamgeukia bosi.

"Ulijua taa hazifanyi kazi?"

Bosi alijifuta jasho. "Nilijua. Niliwaarifu wizarani. Wakaniambia nisubiri bajeti."

Mkubwa wa wizara aliitwa naye. Alizungukazunguka na maneno, mwisho akakubali.

Miezi ikapita. Fundi alishakata tamaa, ndipo akamsikia msemaji yuleyule redioni. "Mlinzi hakulala. Tulijua lango lina giza, hatukutengeneza taa. Kisha tuliwadanganya. Tunaomba radhi." Bosi na mkubwa wa wizara waliondolewa kazini. Ripoti nzima ya tume ikatolewa, kila mtu aisome.

Fundi alilia. Alifurahi, tena alikasirika. Radhi haifufui mtu.

Mumewe aliitwa tena kazini. Abiria nao walianza kurudi kituoni, mmojammoja.

"Wameweka taa mpya," mume alisema akivaa viatu. "Lango lote jeupe."

"Afadhali," Fundi alisema. Akachukua mkasi na ile sare. "Ngoja nikufumulie huu mfuko, unakuharibia sare."

Mume akamshika mkono.

"Uache."

"Si umesema taa zinawaka?"

"Zinawaka. Uache tu, mama."

Akaijaribu tochi yake, akaitia mfukoni, akaenda kazini.