Nilikuwa Napita Tu

Mbwa wa mtaa wetu hana adabu. Hukojolea kila tairi linalosimama, hata la padri, na tumeshachoka kumfukuza. Siku Rangel Minkov alipoburuta gari moja kuukuu la Kirusi, Moskvich, hadi uani kwake, mbwa alikuja mbio kama kawaida, akanusa gurudumu la kushoto, akainua mguu, kisha akaushusha taratibu na kurudi kinyumenyume mpaka barabarani. Tulicheka sana. Mimi jirani yake, ukuta kwa ukuta, nilisema hata mbwa anajua mkweche akiuona.

Rangel alikuwa fundi wa mabomba ya kupasha nyumba joto, mtu wa mizaha, akishika kazi lazima apige mluzi. Gari hakulinunua kwa fahari. Binti yake wa pekee, Nevena, alikuwa anamaliza shule mwezi wa tano, na baada ya hapo angekwenda Ujerumani kama wanavyokwenda vijana wote wa mji huu, na tangu Krismasi baba na binti walikuwa wakipishana tu mlangoni. Kwetu, siku ya sherehe ya kumaliza shule watoto huzunguka mji ndani ya magari ya kale, wakitoa miili madirishani na kupiga mayowe. Rangel akamwambia, "Tulifufue pamoja. Likiwaka, utakwenda nalo kwenye sherehe yako."

Nevena alimtazama kwanza. "Na niliendeshe mimi."

"Wewe. Mimi nitakaa nyuma na mama yako, kazi yetu mayowe."

Msichana akacheka, na Rangel akaja kunisimulia kicheko hicho mara mbili jioni ile ile.

Walilinunua kwa bei ya kutupa, kwa mjane mmoja wa kijiji cha mlimani ambaye marehemu mumewe alikuwa mwashi. Mjane akawaambia, "Badilisheni mnachotaka. Ila kile kizingiti cha kushoto msikiguse." Kizingiti ni lile bati refu linalopita chini ya milango. Kwenye gari la zamani ndilo huoza kwanza, na mtu akitaka kulifufua gari huanzia hapo.

"Kwa nini, mama?" Rangel akauliza.

"Mume wangu alikataza."

"Mumeo alikuwa mwashi, mama. Mawe alikuwa anayajua. Haya ni mabati."

Mjane hakubishana. Alichukua pesa, akafunga mlango, na wakasikia komeo likiingia.

Sikio la kufa halisikii dawa. Jumamosi, jua la mchana likiwaka, Rangel akaiwasha grainda yake ya kukatia chuma. Gari zima lilikuwa limeliwa na kutu, ila kizingiti hicho kimoja kilikuwa kizima, hata kuchubuka hakijachubuka. "Baba, hiki tukiache," Nevena akasema. "Mbona hakina shida."

"Huwezi kuvaa kiatu kimoja kipya, binti yangu," Rangel akajibu, na akakata.

Ndani kulikuwa na uzi. Uzi mwekundu wa sufu, urefu wa mtu, umepakwa nta ya mshumaa na kufungwa fundo kila ncha. Bibi yeyote wa zamani angeuona angepiga ishara ya msalaba na kukimbia. Rangel, mtoto wa mjini, aliutupa kwenye jiko la karakana. Moshi ulioingia kwangu ulinuka nywele za mtu zinazoungua, nikafunga dirisha nikitukana.

"Baba," nikamsikia Nevena, "nani analia?"

"Chuma kinapoa. Nishikie tochi."

Siku iliyofuata mkewe, Zdravka, aliwaletea kahawa akainama kuchungulia injini. Fimbo inayoshikilia boneti ikachomoka yenyewe. Niliusikia mlio wa mfupa nikiwa bustanini kwangu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilivunjika, na boneti ilipoinuliwa ikajaribu kushuka tena, Rangel akaizuia kwa bega huku mkewe akitambaa kujiondoa. Kabla wiki haijaisha, jeki ilikwepa uvunguni mwa gari naye Rangel amelala chini. Alibiringika, akapoteza kipande cha sikio. Nyumbani mwao kukaanza kunuka sufu iliyolowa, kwenye matandiko, kwenye mkate, na kila adhuhuri, pale vivuli vinapokaribia kuisha, ndani ya kizingiti kilichokatwa kulisikika kidole kikigonga, taratibu, kama mgeni anayeona haya kuingia.

"Liuze," Zdravka akamnong'oneza mumewe.

"Tumebakiza breki tu. Mtoto ameanza kuzungumza na mimi, Zdravka. Unataka niuze na hilo?"

Breki hutolewa hewa na watu wawili, mmoja akikanyaga ndani, mwingine akilegeza chini. Nevena alikaa kwenye usukani, Rangel akaingia uvunguni.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Achia. Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Achia."

"Nilikuwa napita tu," ikajibu sauti ya mwanamume.

Rangel aliganda pale chini, spana mkononi, akasikia mlango ukifunguka na kuona miguu ya binti yake ikishuka, imevaa vile viatu vya michezo anavyovifahamu, ikizunguka gari bila haraka mpaka usawa wa kichwa chake, na kabla hajatoka vizuri ile mikono myembamba iliyokuwa ikimshikia tochi ilimvuta kwa ukosi wa shati, ikachukua spana, ikampiga nayo mdomoni, ikampiga tena, na kila ilipompiga ile sauti ilikuwa ikisema kwa unyonge, karibu kulia, kwamba alikuwa anapita tu, ana mkate kwapani, alikuwa anapita tu njiani, mmenifanyia nini. Niliruka ukuta. Tulikuwa wawili, mimi na Zdravka na mkono wake wa bandeji, na nusura atushinde. Tulimfunga msichana kwa kamba ya kuanikia nguo. Rangel alikaa chini anatema meno matatu, akiuliza kama tumemuumiza.

Tukamwita Bibi Kera, yule anayeyeyusha madini ya risasi kuwatoa watu hofu. Alimfunika Nevena kitambaa, akamimina risasi ya moto kwenye bakuli la maji juu ya kichwa chake. Maji yakapiga kelele. Risasi iliganda umbo la mtu aliyeinua mguu mmoja kutembea. Bibi Kera aliikodolea macho, akaketi.

"Huyu ni talasamu," akasema. "Waashi wa zamani walimvizia mpita njia, wakapima kivuli chake kwa uzi bila yeye kujua, wakauzika uzi ukutani ili ukuta usianguke. Mwenye kivuli hamalizi siku arobaini. Akifa anakuwa jini la kulinda kitu hicho, atake asitake."

"Hilo ni la madaraja, bibi," Rangel akasema kwa midomo iliyovimba. "Hili ni gari."

"Mwashi naye alilipenda gari lake. Na wewe umemchomea nyumba. Sasa anatafuta wa kumpokea zamu, ndiyo maana anamzunguka mtoto. Mpeni jogoo. Pimeni kivuli chake asubuhi kwa uzi mpya, muufungie uzi ndani ya chuma. Jogoo akifa, huyu ataachiliwa. Lakini kivuli cha jogoo peke yake. Mnanisikia?"

Tulimsikia. Asubuhi walimfunga jogoo mguu kwenye kigingi. Mawingu yalikuwa yanakuja, Rangel akaharakisha. Jogoo naye hakutulia, akapiga mabawa, akajikunja, hana kivuli cha kupimika. Nevena, aliyekuwa amerudiwa na akili zake na kuona aibu kwa meno ya baba yake, akainama nyuma yake akamshika mabawa. "Pima, baba, wingu linafika." Rangel akavuta uzi, kutoka makucha mpaka pale kivuli kilipoishia, akakata kwa meno yaliyobaki, akaupaka nta, akachomelea kizingiti. Kazi safi, hata mimi niliisifu.

Kugonga kukakoma. Baada ya wiki mbili tatu gari likapakwa rangi ya krimu, likawaka kwa mara ya kwanza, Rangel akazunguka nalo mtaa mzima akipiga mluzi, mluzi mpya wenye upepo mwingi kwa sababu ya pengo. Nevena alikuwa anakonda. Wakasema ni mitihani.

Siku ya sherehe alitoka na gauni la kijani lililoshonwa mwezi wa tatu. Mabegani lilikuwa linateleza, Zdravka akalibana kwa pini. Walisimama mbele ya ukuta mweupe niwapige picha, jua usoni mwao. Nilitazama kwenye simu, kisha nikatazama ukuta. Nyuma ya Zdravka kulikuwa na kivuli. Nyuma ya Rangel kulikuwa na kivuli. Katikati ukuta ulikuwa mweupe.

Juu ya ua, jogoo akawika. Alikuwa amenenepa.

Rangel alimgeukia jogoo, akamtazama bintiye, na nikamwona anakumbuka nani aliinama. Alikwenda karakanani na suti yake ya sherehe, akarudi na grainda.

Gari lilimwona. Sijui niseme vipi tena. Liliwaka lenyewe, likamrukia na kumbana ukutani, mbavu zikalia, akakikata kizingiti kwa ile mashine huku amebanwa, cheche zikimla suti, na mlango ukawa unajifungua na kujifunga juu ya mkono wake, unajifungua na kujifunga, mpaka mfupa ukatokeza, naye akahamishia mashine mkono wa pili akaendelea kukata, na ndani ya bati yule mtu alikuwa analia kwamba zamu yake imekwisha, amechoka, mwacheni aende, alikuwa anapita tu. Bati likafunuka. Rangel akauchomoa uzi, na gari likazima. Nevena alikuwa ameanguka kwenye majani, midomo ya buluu.

Bibi Kera alifika anahema. "Usiuchome. Ukiuchoma amekufa hapa hapa. Mfunge mtoto uzi huo kifundoni mwa mguu, kivuli kimrudie. Lakini nafasi haikai tupu. Lazima aingie mwingine, sasa hivi, na akijitoa kwa hiari, aliyemo ataachiliwa papo hapo."

"Jogoo," Zdravka akasema, huku akimfunga bintiye uzi kifundoni.

"Jini tumeshamdanganya kwa jogoo. Hadanganywi mara mbili."

Rangel aliangaza uani, akaniona mimi. Nilirudi nyuma hatua moja. "Jirani ni mfupi," akasema, "uzi wake hautajaza kizingiti." Akacheka, damu ikamtoka puani. "Zdravka, leta sufu yako."

"Sipimi."

"Mtu hapimi kivuli chake mwenyewe."

"Rangel, usinifanyie hivi. Nitakulaani."

"Nilaani baadaye. Mtazame mtoto."

Akamtazama mtoto. Kisha mwanamke yule akaingia ndani, akatoka na uzi mwekundu, akapiga magoti kwenye majani kwa vidole vyake vibovu. Rangel alisimama wima juani, mkono uliovunjika ukining'inia, akijitahidi asitikisike ili mkewe asikosee. Zdravka alianzia visiginoni. Alipofika kichwani alikilaza kiganja chake juu ya kivuli cha shavu la mumewe, akakaa hivyo, mpaka Rangel akasema, "Basi, mke wangu. Kata."

Nilichomelea mimi. Nilipomaliza, kitu kilitoka chini ya gari na kunipita, harufu ya sufu iliyolowa na mkate wa moto, kikaelekea barabarani. Mbwa alikipisha.

Nevena alikwenda kwenye sherehe kwa kuchelewa, akiendesha mwenyewe, baba yake nyuma na mkono wa bandeji, akipiga mayowe kuliko vijana wote. Siku arobaini Rangel hakuzimaliza. Hospitali walisema moyo.

Ujerumani Nevena hakwenda. Mwaka jana alikuwa na mchumba, kijana mzuri wa maneno, ambaye jioni moja walipogombana ndani ya gari alimzaba kofi. Mlango wa kushoto ulimfungia mkono mara saba, na walipomtoa, mkono ulikuwa umeshikiliwa na ngozi tu. Nevena alimwendea Bibi Kera, akamwuliza kwa sauti ya chini kama jini lile lingeweza kutolewa.

"Naweza," bibi akajibu. "Unataka?"

Nevena akarudi nyumbani. Mimi humwona kila adhuhuri, anatoka na kahawa mbili, anakaa kwenye majani kando ya kile kizingiti, anamsimulia mambo yake ya siku, kwa kirefu. Na ndani ya bati lililofungwa pande zote, huku Zdravka akiwa dirishani ameziba masikio, mluzi hujibu, wenye upepo mwingi, wa mtu asiye na meno matatu.