Nani Alitia Kitu Kwenye Kikombe?

Jua lilikuwa bado halijatoka, lakini Kimya alikuwa ameshawasha jiko. Alichuja maziwa kwa kitambaa safi, akayamimina kwenye sufuria kubwa, akasimama kuyakoroga. Maziwa hayataki mtu wa kugeukageuka. Ukimtazama mpita njia, yameshamwagika.

Jina la Kimya alilipata kwa sababu maneno yake yalikuwa machache. Alikuwa ameolewa na fundi baiskeli, na walikaa nyumbani kwa mama mkwe wake. Chumba cha mbele cha nyumba hiyo kilikuwa duka la maziwa. Jikoni nyuma alifanya kazi Kimya. Mbele, kwenye meza ya kuuzia, alisimama wifi yake, dada wa mume wake.

Wifi alikuwa na sauti ya kusikika mtaa wa pili. Kila asubuhi, mlango ukifunguliwa, alijaza maziwa kwenye kikombe kikubwa cha bati. Alikunywa yote mbele ya wateja, bila kupumzika. Kisha aligeuza kikombe juu chini ili waone kimekauka.

"Muuzaji asipokunywa, mnunuzi atakunywaje?" alisema.

Hiyo ilikuwa sheria ya Mama Mkwe. Aliiweka zamani, watu walipomshuku kwamba anatia maji kwenye maziwa. Tangu siku hiyo, anayeuza hunywa kwanza, na hunywa kikombe kizima.

Wateja walicheka na kupiga makofi. Kimya aliwatazama kupitia upenyo wa mlango, mwiko mkononi.

"Mimi naungua na moshi," aliwaza, "makofi anapigiwa yeye."

Alimwonea wivu kwa kila kitu: sauti yake, mashavu yake yanayong'aa, na jinsi Mama Mkwe alivyomwita "mkono wangu wa kulia". Mbona mkono wa kulia hauoshi madumu?

Siku moja Mama Mkwe aliwaita wote baada ya chakula. Alikuwa anayasugua magoti yake.

"Miguu imenigomea," alisema. "Duka linataka mwenyewe. Wiki hii meza atashika mke wa mwanangu. Wiki ijayo atashika binti yangu. Halafu nitaamua nani abaki nayo."

Wifi aliangua kicheko. "Huyu? Mama, wateja itabidi wasome midomo yake ndipo wajue bei!"

"Mwache mwenzio ajaribu," alisema Mama Mkwe.

Usiku huo Kimya alikosa usingizi kwa furaha.

Jumatatu alivaa kanga mpya. Wifi alimsuuzia kikombe cha bati, akampa huku akitabasamu.

"Haya, wifi yangu. Chote, ee? Usituaibishe."

Kimya alikuwa hajawahi kunywa maziwa mengi hivyo. Kwao walikuwa wakulima. Maziwa yalikuwa ya kubadilisha rangi ya chai tu. Hata hapa, kwa miaka mitatu, alikunywa chai yake jikoni na hakuna aliyemwuliza kwa nini hanywi maziwa. Sasa alikunywa kikombe kizima, tumbo likiwa tupu. Wateja walipiga makofi. Moyo wake ulijaa furaha.

Baada ya saa moja, tumbo pia lilijaa. Lilianza kunguruma. Lilinguruma kwa sauti, mbele za watu.

"Mvua inakuja?" aliuliza fundi viatu, mzee mmoja aliyenunua maziwa ya wajukuu wake kila siku. "Mbona mawingu sioni?"

Watu walicheka. Kimya alitoka mbio kwenda chooni. Aliporudi, Wifi alikuwa ameshashika upawa, anauza.

"Pole, wifi," alisema Wifi. "Nimekushikia."

Jumanne mambo yakawa yale yale. Tumbo lilivimba, likasokota, akaharisha. Akarudi, akamkuta Wifi mezani. Kimya akaanza kuhesabu moyoni. Kikombe anakisuuza nani? Wifi. Nani anafaidika mimi nikikimbia? Wifi. Na kwa nini anatabasamu?

Jumatano, alipotoka chooni, jasho likimtoka, alisimama katikati ya duka. Wateja saba walikuwepo. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilisikika mpaka barabarani.

"Unatia nini kwenye kikombe changu?"

Wifi aliduwaa. "Nani? Mimi?"

"Wewe! Kila siku unanisuuzia wewe. Kila siku nikinywa naumwa. Wewe ukinywa huumwi. Unaitaka meza mpaka unanitilia sumu?"

Wifi alifungua mdomo, lakini sauti yake kubwa haikutoka. Machozi ndiyo yaliyotoka.

Mama Mkwe alikuja kutoka chumbani akishika ukuta.

"Neno sumu likishasemwa mbele ya wateja, halirudi mdomoni," alisema. "Kesho hatufungui duka. Kama ni kweli, binti yangu hataigusa meza hii tena. Kama si kweli, wewe utakwenda kwenu upumzike, mpaka nitakapokuita."

Kimya alijua maana ya maneno hayo. Kuna wanawake walioambiwa wakapumzike, na mpaka leo wanapumzika.

Mume wake aliitwa kutoka kwenye kibanda chake cha baiskeli. Alisimama mlangoni na mikono yenye grisi. "Mama ... mke wangu ... dada ...," alisema, akaishia hapo.

Kati ya wateja alikuwepo mwanamke aliyepanga chumba ng'ambo ya barabara. Watoto walimwita Mama Vipimo, kwa sababu alikuwa anapima watu urefu, uzito na nguvu za mikono, kwa hiari yao. Alikuwa mtafiti. Alisoma mwili wa binadamu: ulivyobadilika tangu kale, na kwa nini miili ya watu haifanani.

"Mama, naomba kuuliza jambo," alisema kwa adabu. Akamgeukia Kimya. "Dada, unaumwa baada ya muda gani tangu kunywa?"

"Kama saa moja."

"Gesi? Kunguruma? Kuharisha? Halafu jioni umepona kabisa?"

Kimya alishangaa. "Umejuaje?"

"Una homa? Unaona damu chooni? Umekonda?"

"Hapana."

"Vizuri. Ungekuwa na hayo, ningekutuma kliniki sasa hivi. Nina kifaa kinachoweza kutusaidia. Mtu anakipuliza tu. Mkikubali, kesho asubuhi nitakuja. Msile kitu tangu usiku. Na maziwa achemshe Mama mwenyewe, vikombe aoshe Mama mwenyewe."

"Nakubali," alisema Wifi, akifuta machozi. "Tena nataka watu waje waone."

Kimya aliinamisha kichwa. Naye alikubali.

Asubuhi wote walikuwepo. Fundi viatu alikuja na kigoda chake mwenyewe. Mama Vipimo alitoa kifaa kidogo, ukubwa wa simu, chenye mrija.

"Tukila kitu kisichosagwa vizuri tumboni, kinateremka mpaka kwenye utumbo mpana," alieleza. "Huko kuna vijidudu vingi. Vinakila na kutoa gesi. Sehemu ya gesi hiyo inaingia kwenye damu, inatoka na pumzi. Kifaa hiki kinaipima."

"Mimi ulinipima urefu mwezi uliopita," alisema fundi viatu. "Ulisema mimi mrefu."

"Nilisema uvue viatu kwanza, mzee."

Kimya na Wifi walipuliza kabla ya kunywa. Namba zote mbili zilikuwa ndogo. Mama Mkwe alimimina maziwa kutoka sufuria moja kwenye vikombe viwili vya aina moja.

"Na mimi nipulize," alisema fundi baiskeli ghafla. Hakumtazama mama yake. "Nipeni kikombe cha tatu."

Naye alipuliza kwanza, namba yake ikawa ndogo, kisha wote watatu walikunywa. Kila baada ya nusu saa walipuliza tena. Namba za Wifi zilikaa chini. Za Kimya zilipanda, zikapanda tena. Tumbo lake likaanza kunguruma.

Na namba za fundi baiskeli nazo zilipanda. Mkanda wake ulimbana, akaulegeza.

"Wewe!" Mama Mkwe alisimama bila kukumbuka magoti yake. "Mwanangu wa kumzaa! Umekulia kwenye maziwa!"

"Mama, nisamehe," alisema fundi baiskeli. "Tangu nina miaka kumi, ya kwangu nampa paka."

"Ndiyo maana paka wa nyumba hii ni wanene!" alisema Wifi. Watu walicheka, hata Kimya.

Mama Vipimo aliweka kifaa mezani.

"Maziwa ni yale yale," alisema. "Vikombe vimeoshwa na Mama. Hakuna aliyetia kitu. Tofauti imo ndani ya miili yao. Maziwa yana sukari yake. Ili itufae, lazima ikatwe vipande tumboni. Mwili una mkasi wa kuikatia. Wataalamu wanauita kimeng'enya. Karibu kila mtoto mchanga huzaliwa nao, ndiyo maana maziwa ya mama yanamfaa. Mtoto akishakua, kwa watu wengi mwili huacha kutengeneza mkasi huo. Hata wanyama huwa hivyo. Ng'ombe mzima hanyonyi."

"Kwa hiyo mimi ni mgonjwa?" aliuliza Kimya.

"Hapana. Ukiwapanga watu wazima watatu wa dunia hii, wawili wako kama wewe, au wanakaribia kuwa kama wewe. Zamani sana watu wazima karibu wote walikuwa hivyo. Halafu baadhi ya watu wakaanza kufuga. Miongoni mwao walikuwepo wachache ambao mkasi wao haukupotea ukubwani. Walizaliwa hivyo tu, hawakujitakia. Lakini ukame ulipokuja, wao waliweza kunywa maziwa bila kuharisha. Wakapona, wakazaa, watoto wakarithi. Baada ya maelfu ya miaka, kwenye jamii za wafugaji watu wa namna hiyo wakawa wengi. Hivyo ndivyo mwili wa binadamu unavyobadilika kufuata maisha. Polepole, vizazi kwa vizazi."

"Sisi ni wafugaji tangu babu wa babu," alisema Mama Mkwe. "Mbona huyu anampa paka?"

"Wengi si wote, Mama. Kila mtoto anarithi kwa baba na kwa mama. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana, kama hawa. Mkasi huu si alama ya ubora. Usitumike kumpima mtu ni wa ukoo gani, wala nani ana haki ya kukaa wapi."

Mama Mkwe alielewa alikuwa anaambiwa nani.

Kimya alisimama.

"Wifi," alisema. "Nilikusingizia. Hukutia kitu. Mimi ... nilikuwa nakuonea wivu. Ule wivu ndio ulionipa jibu kabla sijauliza swali. Nimekosa, mbele ya watu wote hawa."

Wifi alimgeukia. "Umeniumiza," alisema. "Sitasema hujaniumiza. Na mimi, ulipokuwa unakimbia chooni, nilifurahi. Kidogo." Akavuta pua. "Si kidogo. Sana."

"Basi mmekoseana wote wawili," alisema Mama Mkwe. "Haendi mtu kwao. Lakini huyu atauzaje na hawezi kunywa?"

"Mtindi je?" aliuliza Mama Vipimo. "Maziwa yakichachushwa vizuri, vijidudu vyema vinakula sehemu ya ile sukari kabla yetu. Wengi wa namna ya Kimya huuweza, kidogo kidogo, pamoja na chakula. Aanze na mtindi wa kujaza kikombe kidogo cha kahawa. Akiumwa, apunguze. Na mtoto mchanga asiachishwe maziwa ya mama yake kwa sababu ya habari hizi, jamani. Msinielewe vibaya."

Kimya alianza kutengeneza mtindi wiki hiyo hiyo. Alichemsha maziwa, akayapoza mpaka yakawa vuguvugu, akatia vijiko vya mtindi wa zamani, akafunika na kuweka mahali penye joto. Alionja kijiko. Kesho yake vijiko vitatu. Tumbo lilitulia.

Mama Mkwe aligawa meza. Upande wa kulia Wifi aliuza maziwa. Upande wa kushoto Kimya aliuza mtindi, na alikunywa kikombe kidogo mbele ya wateja. Makofi ya kwanza yalikuwa machache. Lakini watu wazima waliozoea kununua maziwa ya watoto tu walianza kuulizia mtindi wao wenyewe. Fundi baiskeli alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na alilipa kama wengine. Baada ya mwezi, foleni ya kushoto ilikuwa ndefu kuliko ya kulia.

Wifi aliitazama foleni hiyo kwa jicho la pembeni. Kimya alilijua vizuri jicho hilo. Hakulicheka. Alijaza kikombe, akamsogezea.

Wifi alionja. "Mkali kidogo," alisema. Akanywa wote. "Niongeze, nihakikishe."

Asubuhi moja fundi viatu alikuja, lakini hakununua. Alivua kofia, akaikunjakunja mikononi.

"Kimya, nikuulize," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu ninayemjua. Miaka sita iliyopita alikunywa maziwa kwa shemeji yake, tumbo likamsokota. Akasema amewekewa kitu. Mpaka leo hasalimiani naye. Mtu kama huyo afanye nini?"

Kimya alifunika chungu cha mtindi. Alimtazama mzee machoni, akasema bila kunong'ona:

"Aende leo, baba. Kesho itamwia vigumu zaidi."

Fundi viatu alivaa kofia yake. Alitoka, na badala ya kugeukia kibandani kwake, alishika njia nyingine.